Kirusi cha ngozi walicho nacho wengi, na saratani inayowapata wachache

Msomaji wetu, mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi ya kuwahudumia wazee huko Birmingham, Uingereza, ameuliza hivi: “Mzee ninayemhudumia ana miaka 76 na alipandikizwa figo zamani. Aliota kinundu chekundu kwenye paji la uso, tukadhani ni chunusi kubwa. Kilikua haraka, kikakatwa, na daktari akasema ni saratani ya seli za Merkel, inayotokana na kirusi ambacho watu wengi wanacho kwenye ngozi. Tangu siku hiyo mwenzangu wa zamu hataki kumwogesha, nami nina mtoto mchanga ninayemnyonyesha. Inawezekanaje kirusi cha watu wote kilete saratani kwa mmoja? Naweza kukipeleka nyumbani? Na kaka yangu aliyeko Tanga, anayeishi na VVU, ana vinundu mguuni. Je, navyo ni ugonjwa huo huo?”

Ndugu msomaji, nianze na mwenzako wa zamu. Hana sababu ya kumkwepa mzee huyo. Saratani ya seli za Merkel haihami kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, iwe kwa kumwogesha mgonjwa, kwa kufua mashuka yake au kwa kula naye chombo kimoja. Na kirusi kinachohusishwa nayo, kwa uwezekano mkubwa, wewe na yeye mmekuwa nacho tangu utotoni. Ningeweza kuishia hapo, lakini jibu fupi la namna hiyo hutuliza moyo kwa siku mbili tu, kisha hofu ikarudi, kwa kuwa halielezi kisa chenyewe. Na kisa chenyewe kina jambo la kustaajabisha: kirusi hiki huleta saratani pale tu kinapokuwa kimeharibika, na kikishaharibika hivyo hakina tena uwezo wa kuambukiza mtu.

Kirusi chenyewe huitwa poliomavirusi ya seli za Merkel, nacho hakina udugu na kile cha polio kinacholemaza watoto. Ni kidogo mno. Maelekezo yake yote ya kurithi yameandikwa kwa herufi zipatazo 5,400 za DNA zilizoungana kuwa duara, ilhali DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Hukaa kwenye ngozi ya watu wenye afya njema, hujizalisha taratibu, hutoka pamoja na magamba madogo ya ngozi tunayoyapukutisha kila siku, na hakileti homa, upele wala mwasho. Tafiti zilizopima kingamwili katika damu zimeonyesha kwamba watu wazima kati ya 60 na 80 katika kila 100 wamewahi kukutana nacho, na wengi wao walikipata wakiwa watoto wadogo, kwa mguso wa kawaida wa watu wa nyumba moja. Sasa linganisha na saratani: Marekani, nchi yenye watu zaidi ya milioni 330, hugundua wagonjwa wapya wapatao 3,000 tu kwa mwaka. Kati ya kirusi na saratani, basi, lazima pawe na jambo jingine linalotokea kwa nadra sana.

Seli za Merkel zilielezwa mwaka 1875 na Friedrich Merkel, mtaalamu wa anatomia wa Ujerumani. Ziko sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi, zimegusana na ncha za neva, na ndizo zinazotuwezesha kuhisi mguso mwepesi. Mwaka 1972 mwanapatholojia Cyril Toker alieleza habari za wagonjwa 5 waliokuwa na uvimbe wa ngozi wa aina ambayo haikuwa na jina. Baadaye darubini ya elektroni ilipoonyesha ndani ya uvimbe wa aina hiyo chembechembe zinazofanana na zile za seli za Merkel, ugonjwa ukapewa jina hilo. Jina limebaki hadi leo, ingawa wataalamu wengi wana shaka kama saratani hii kweli huanzia katika seli hizo.

Kwa zaidi ya miaka 30 chanzo hakikujulikana, ila jambo moja lilikuwa likijirudia: ugonjwa huu uliwaandama watu ambao kinga yao ya mwili imepungua, yaani waliopandikizwa viungo, wenye UKIMWI na wenye aina fulani za saratani ya damu. Saratani ikifuata upungufu wa kinga, mtafiti makini hushuku kwamba kuna kirusi nyuma yake. Yuan Chang na mumewe Patrick Moore, ambao mwaka 1994 walikuwa wamegundua kirusi cha saratani ya Kaposi, waliifuata shuku hiyo katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh wakiwa na wenzao Huichen Feng na Masahiro Shuda. Walisoma karibu vipande 400,000 vya jumbe za kijenetiki kutoka katika uvimbe wa wagonjwa 4, kisha wakatumia kompyuta kuondoa kila kipande kilichofanana na cha binadamu na kukagua mabaki. Katika mabaki hayo kulikuwa na ujumbe mmoja uliofanana na wa kirusi cha jamii ya polioma kinachojulikana kwa tumbili wa Afrika. Isieleweke kwamba maradhi yalitoka kwa tumbili. Walichokuwa wamekishika ni kirusi cha binadamu ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana, chenye jamaa zake miongoni mwa wanyama. Walipokitafuta katika sampuli 10 za saratani hii walikipata katika 8. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa mwaka 2008.

Mtu mwenye kudadisi angesema kwamba kirusi kilichoenea namna hiyo kinaweza kukutwa ndani ya uvimbe wowote kama abiria tu, bila kuhusika na safari. Hoja hiyo ina uzito, na kwa maoni yangu hesabu ya 8 kwa 10 peke yake isingeimaliza. Kilichoimaliza ni namna kirusi kilivyokutwa kimekaa. Kwa kawaida duara lake la DNA hukaa pembeni ndani ya seli na kujinakili huko, wala haligusi DNA yetu. Lakini katika sampuli 6 kati ya zile 8, duara lilikuwa limekatika na kushonwa ndani ya DNA ya mgonjwa, na mpangilio wa mshono huo ulikuwa mmoja katika uvimbe mzima. Kwa mgonjwa mmoja, saratani iliyokuwa imesambaa hadi kwenye tezi ya limfu ilikuwa na mshono ule ule uliokuwa katika uvimbe wa kwanza. Ni sawa na ukurasa wa kitabu kingine ulioshonwa kimakosa ndani ya kitabu kabla hakijaanza kupigwa nakala: ukiukuta mahali pale pale katika kila nakala, unajua kosa lilifanyika kabla ya nakala ya kwanza. Kirusi, kwa maneno mengine, hakikuingia katika uvimbe uliokwisha kuwapo. Kilikuwa ndani ya ile seli moja iliyozaa uvimbe wote.

Kushonwa huko ni ajali ya kwanza, nayo haitoshi. Kirusi kina protini mbili zinazotuhusu hapa, ambazo wataalamu huziita T kubwa na T ndogo. T kubwa ina kazi katika kila upande wake. Sehemu yake ya mbele huikamata protini yetu iitwayo RB, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike mpaka wakati wake ufike. RB ikikamatwa, zuio hilo linaondoka. Sehemu ya nyuma hufungua DNA ya kirusi ili ianze kunakiliwa. Kirusi kinapokuwa huru pembeni, kazi zote mbili zinakifaa na seli haigeuki kuwa saratani. Kikishashonwa ndani ya kromosomu, yaani uzi wa DNA ya seli, sehemu ya nyuma inakuwa balaa kwa seli yenyewe, kwa sababu huanzisha unakili katikati ya kromosomu, DNA ikaharibika na seli ikafa. Seli nyingi zinazopatwa na ajali ya kwanza bila shaka huishia hapo, na hatupati hata habari zake.

Inayobaki hai ni ile iliyopatwa na ajali ya pili: badiliko katika jeni ya T kubwa linaloikata protini hiyo njiani, hivyo sehemu ya nyuma inakosekana na ya mbele inabaki. Ndivyo T kubwa inavyokutwa katika saratani hizi, imekatwa mkia lakini mkono unaoishika RB ungali mzima. T ndogo nayo hubaki nzima, ikiendelea kushirikiana na protini za seli kuziwasha jeni za ukuaji. Seli imepoteza zuio lake na imepata kichocheo cha kudumu, na kwa kuwa maelekezo hayo yameshonwa ndani ya DNA yake, kila inapogawanyika huwarithisha watoto wake. Maabara zimeonyesha kwamba protini hizi zikizimwa katika seli za saratani yenye kirusi, seli hizo huacha kukua au hufa. Bado zinakitegemea kirusi kilichoziharibu.

Hapo ndipo lilipo jibu la hofu ya mwenzako. Kirusi kilichoshonwa na kukatwa namna hiyo hakiwezi kujinakili wala kutengeneza chembe mpya za kutoka nje. Ndani ya kinundu cha mzee hakuna kiwanda cha virusi. Kuna mabaki ya kirusi yanayoiendesha seli ya mzee mwenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo dawa za kupambana na virusi hazifai kitu kwa saratani hii, na usikubali kumnunulia mgonjwa dawa yoyote inayouzwa kwa madai ya “kusafisha virusi vya ngozi”.

Kwa nini basi yeye na si wewe? Sehemu moja ya jibu ni bahati mbaya tupu, maana ajali zote mbili hutokea bila mpango. Sehemu kubwa iliyobaki ni kinga ya mwili. Protini za kirusi ni ngeni mwilini, na kinga yenye nguvu huitambua seli inayozionyesha na kuiua mapema. Aliyepandikizwa figo anakunywa kila siku dawa za kuipunguza makali kinga hiyo ili isiikatae figo, na takwimu za Marekani zimeonyesha kwamba watu waliopandikizwa viungo hupata saratani hii zaidi ya mara 20 kuliko watu wengine. Uchunguzi wa wagonjwa wa UKIMWI nchini humo, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta hatari yao ni takriban mara 13. Umri nao huchosha kinga, na wagonjwa wengi wana zaidi ya miaka 65. Nasisitiza hapa kwamba mzee asiache wala asipunguze dawa zake za figo kwa uamuzi wake au wako. Madaktari wake wa figo na wa saratani wanaweza kuamua kuzibadilisha, lakini hao ndio wenye kupima hatari za pande zote mbili.

Jua nalo lina sehemu yake, na hapa kisa kinakuwa na mkono wa pili. Katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini takriban saratani 8 kati ya 10 za aina hii zina kirusi. Australia, kwenye watu wengi wenye ngozi nyeupe na jua kali, hali imegeuka, na nyingi hazina kirusi kabisa. Hizo zisizo na kirusi zimejaa mabadiliko mengi mno ya DNA yenye alama ya miale ya jua, na kati yake RB ile ile kwa kawaida huwa imeharibiwa. Zenye kirusi huwa na mabadiliko machache sana, kwa sababu kirusi kilifanya kazi ile kwa njia ya mkato. Ni njia mbili zinazofika kwenye ugonjwa ambao chini ya darubini ya kawaida hauna tofauti kubwa. Watu wenye ngozi nyeusi hawaupati mara nyingi, lakini wapo wanaoupata, na kwao usitegemee sana rangi nyekundu ambayo vitabu huitaja wala usiutafute tu mahali panapopigwa na jua. Unaweza kutokea hata matakoni.

Kwamba mlikidhania kinundu kuwa chunusi, msijilaumu. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani wa mwaka 2008, hata madaktari wenyewe kabla ya kupata majibu ya maabara walikuwa wamekidhania kitu kisicho na hatari kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, mara nyingi kifuko cha kawaida chini ya ngozi (sisti). Kinundu cha Merkel ni kigumu, kinang’aa, kina rangi nyekundu au ya zambarau, ngozi ya juu yake mara nyingi haijachubuka, na ukikibonyeza mgonjwa halalamiki. Kutouma huko ndiko kunakowapumbaza watu. Kinachotakiwa kukushtua ni mwendo wake, kwa maana kinakua kwa wiki, si kwa miaka. Uhakika hupatikana kwa kukata kipande na kukipaka rangi maalumu maabara: protini iitwayo CK20 kwa kawaida hujitokeza kama nukta ya kahawia kando ya kiini cha seli, na kipimo kingine, TTF-1, husaidia kuhakikisha kwamba si saratani ya mapafu iliyosafiri hadi kwenye ngozi, kwa kuwa hizo mbili hufanana sana.

Kuhusu matibabu, kwa kawaida uvimbe hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima wa sentimita 1 hadi 2, ukingo ambao usoni hauwezekani kila mara, na tezi ya limfu ya kwanza inayopokea majimaji ya eneo hilo hutolewa kuchunguzwa hata kama haijavimba. Mionzi hufuata kwa wengi, na saratani hii huisikia mionzi vizuri kuliko saratani nyingi za ngozi. Ikisambaa mbali, zamani palikuwa na kemotherapi peke yake, ambayo huupunguza uvimbe haraka kisha ukarudi baada ya miezi michache. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha avelumab na mwaka 2018 ikaidhinisha pembrolizumab, dawa zinazoondoa kizuizi kinachoifanya kinga isiishambulie saratani, na baadhi ya wagonjwa wanaozipata hukaa miaka bila ugonjwa kurudi. Kwa mzee wako kuna mtihani mgumu: dawa inayoichochea kinga dhidi ya saratani inaweza pia kuichochea dhidi ya figo aliyopandikizwa. Familia ikisikia madaktari wanasitasita kuitoa, ijue sababu ndiyo hiyo, wala haina maana kwamba wamemkatia tamaa.

Wewe unayemwogesha una nafasi ambayo daktari hana. Marudio mengi ya saratani hii huonekana ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, na kwa uvimbe wa paji la uso tezi za kuangaliwa ni zile za mbele ya sikio, za chini ya taya na za shingoni. Mara moja kwa wiki, mikono yako ikiwa na sabuni, pitisha vidole taratibu sehemu hizo pande zote mbili, kisha angalia ngozi inayozunguka kovu. Ukigusa kitu kigumu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo, toa taarifa siku hiyo hiyo, usisubiri miadi. Kidonda cha upasuaji kishughulikie kwa glavu na kunawa mikono kama kidonda kingine chochote, kwa ajili ya bakteria wa kawaida.

Mtoto wako mnyonyeshe bila wasiwasi. Kirusi hiki huenda atakipata siku moja, kutoka kwako, kwa shangazi zake au kwa watoto wenzake, na kwa karibu kila mtoto hakuna lolote litakalofuata. Hakuna chanjo yake inayotolewa, na ile ya HPV, inayotolewa kwa wasichana kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ni ya virusi vya jamii nyingine. Hakuna faida ya kwenda kupima kama unacho, kwa sababu majibu yoyote yatakayotoka hayatabadilisha unachotakiwa kufanya.

La kaka yako ni tofauti, na ndilo ninalotaka ulishughulikie leo. Vinundu kadhaa mguuni kwa mtu anayeishi na VVU, katika eneo letu, humfanya daktari afikirie kwanza saratani ya Kaposi, ambayo Afrika Mashariki imeenea mara nyingi zaidi kuliko ya Merkel. Nayo hutokana na kirusi, kile ambacho Chang na Moore walikigundua mwaka 1994, lakini tabia yake si hii niliyoieleza: huenea hasa kwa mate, na ndani ya uvimbe wa Kaposi kinaweza kuendelea kuzalishwa. Kwenye ngozi nyeusi madoa na vinundu vyake huonekana vya zambarau iliyokolea, kahawia au vyeusi, huwa vingi, mguu unaweza kuvimba, na mara nyingi vipo pia mdomoni. Mwambie ajitazame kaakaa mbele ya kioo kwa tochi ya simu.

Aende CTC, yaani kliniki ya VVU anakochukulia dawa, avionyeshe vinundu vyote, na aombe rufaa ya kukatwa kipande kwa uchunguzi, jambo ambalo linaweza kupangwa kupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, pamoja na kupimwa wingi wa VVU katika damu. Asikubali vichomwe au vikatwe na mtu wa mitaani kabla ya majibu. Kaposi ya mwanzoni inaweza kusinyaa kwa ARV peke yake zikinywewa bila kuruka. Iliyosambaa huhitaji kemotherapi juu ya ARV. Na kama alianza dawa hivi karibuni na vinundu vikaongezeka katika miezi ya kwanza, asizitupe kwa kudhani ndizo zilizoleta, kwani kinga inayoamka inaweza kuuchochea ugonjwa kwa muda. Arudi kliniki mapema, kabla ya tarehe aliyopangiwa, ili waamue kama aongezewe tiba.